Uboho Utatoka kwa Nani? Kisa Kilichoanzia Nairobi Mwaka wa 1961

Kipindi hiki kilipopeperushwa hewani simu ziliingia nyingi mno, na muda ukatuishia kabla sijajibu hata nusu ya maswali. Kwa hivyo hapa nimekiandika kwa urefu zaidi kuliko nilivyokisoma studioni. Tunazungumza juu ya saratani ya tezi, ambayo madaktari huiita limfoma, na juu ya matibabu ya kupandikiza uboho, ambayo wengi wetu huku Riruta na Kawangware huyasikia tu kwenye kadi za harambee.

Basi nianze na harambee moja. Kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma kando ya Naivasha Road, alivimba tezi shingoni. Kwa miezi kadhaa alitibiwa kifua kikuu, kwa sababu tezi za shingo hapa kwetu mara nyingi ni kifua kikuu, na hili huwapata wengi. Uvimbe ulipokataa kupungua, kipande kilikatwa kikapelekwa maabara, na jibu likawa limfoma ya Hodgkin. Alipata dawa, akapona, akarudi kazini. Mwaka mmoja baadaye uvimbe ukarudi. Sasa madaktari wakasema anahitaji dawa kali zaidi pamoja na kupandikizwa uboho, na familia ikaitana kuchanga pesa.

Nilialikwa kwenye mkutano huo kwa sababu mimi ndiye muuguzi wa mtaa, na mtu wa kusoma barua za hospitali hahitaji kutafutwa mbali. Kabla sijafika, ugomvi ulikuwa umeshaanza. Mama mzazi alikuwa akisema, "Mimi ndiye nilimzaa, chukueni wangu." Kaka mkubwa alikuwa kimya, na baadaye mkewe alininong'oneza kwamba amesikia mwanamume akitoa uboho anapoteza nguvu za kiume. Dada alikuwa tayari lakini hakuna aliyemuuliza. Nikaifungua barua, nikasoma: mtoaji wa uboho atakuwa mgonjwa mwenyewe.

Mjomba, aliyekuwa mweka hazina, alifunga daftari lake. "Sista, huu ni wizi," akasema. "Mtu atajitolea vipi kitu ambacho tayari anacho? Haya ni mambo mapya ya hospitali za ng'ambo za kutukamua pesa."

Jioni ile nilimjibu nilivyoweza. Lakini jibu zuri zaidi kwa mjomba ni la historia, kwa sababu jambo hilo si jipya na halikuanzia ng'ambo. Mgonjwa kurudishiwa uboho wake mwenyewe ni jambo lililofanyika hapa hapa Nairobi, miaka miwili kabla ya uhuru, katika hospitali ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Kwanza tuelewane kuhusu uboho. Ni ule ute laini ulio ndani ya mifupa, ule ambao watoto hugombania supu ya mifupa ikipikwa. Jirani zetu wa Tanzania huuita uloto. Ndani yake mna seli-mama, yaani seli zinazozaa damu yote: seli nyekundu zinazobeba hewa, seli nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazofanya jeraha likauke. Seli-mama hizi huzaana mchana na usiku. Sasa, dawa nyingi za saratani huua seli zinazozaana kwa haraka. Zinaua saratani, lakini pia zinaua uboho. Ndiyo maana daktari hawezi tu kuongeza dozi mpaka saratani iishe yote. Akipita kiasi, uboho unakufa, na mgonjwa anaweza kufa kwa kutokwa damu au kwa maambukizi madogo ambayo mimi na wewe tungeyashinda kwa kulala siku mbili.

Hilo ndilo tatizo lililowakabili madaktari wa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Hugh Trowell alimwita daktari mpasuaji, Denis Burkitt, amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Wiki chache baadaye Burkitt akamwona mwingine kule Jinja. Akaanza kuhesabu, na mwaka wa 1958 akaandika makala ya kwanza kuhusu ugonjwa ambao leo dunia nzima huuita limfoma ya Burkitt. Hatimaye ilijulikana kwamba ugonjwa huo hufuata sehemu zenye joto, mvua na malaria, na kwamba kirusi kiitwacho Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka wa 1964 katika uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda, kinahusika nao. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Leo tunafuata uboho.

Nairobi yetu iko juu na ina baridi, kwa hivyo ugonjwa huo si wa wenyeji wa hapa. Lakini watoto waliletwa kutoka kandokando ya Ziwa Victoria na kutoka Pwani mpaka hospitali kubwa ya Nairobi, iliyoitwa wakati huo King George VI. Wazee wengine mpaka leo huiita Kingi Joji. Daktari aliyewapokea alikuwa Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo. Hakuwa mtaalamu wa damu. Alikuwa mtu wa koo na taya, na mbele yake walikuwa wamelala watoto na watu wazima wenye uvimbe usioweza kukatwa kwa kisu.

Dawa aliyokuwa nayo Clifford iliitwa naitrojeni mastadi, jamaa wa ile gesi ya sumu ya vita. Ilipunguza uvimbe lakini iliua uboho. Yeye na wenzake, R. A. Clift na J. K. Duff, wakafanya jambo ambalo mkulima yeyote angelielewa. Mkulima anayechoma shamba lililojaa magugu hutoa mbegu kwanza, akaziweka kando, akachoma, na moto ukizima akapanda upya. Wakamnyonya mgonjwa uboho kwa sindano kutoka kwenye mfupa, wakauweka kando. Wakampa dawa kwa dozi kubwa. Naitrojeni mastadi ina tabia moja nzuri: huvunjika haraka sana mwilini na sumu yake kuisha. Kwa hivyo waliweza kumrudishia mgonjwa uboho wake kupitia mshipa, na seli-mama zikatafuta zenyewe njia ya kurudi ndani ya mifupa. Taarifa yao ilichapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza mwaka wa 1961.

Nakuomba usome tena mwaka huo. Kenya ilikuwa bado koloni. Hapakuwa na friza za kisasa za kuhifadhi seli, wala mashine za kutenganisha damu. Na bado, wazo lililomo katika barua ya yule kijana wa Naivasha Road lilikuwa tayari likijaribiwa kwa wagonjwa wa Nairobi.

Sisemi kwamba Clifford aliwaponya wote kwa njia ile. Dawa yenyewe haikuwa bora, na baada ya muda mfupi iligunduliwa kwamba limfoma ya Burkitt huyeyuka kwa dawa nyingine zisizohitaji kuukoa uboho. Mbili kati ya hizo ni methotreksati na saiklofosfamaidi. Burkitt alizitumia Uganda, na kuna watoto walioanza kupungua uvimbe siku chache tu baada ya dozi ya kwanza. Mwaka wa 1967 kituo maalum cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani, kikiongozwa na daktari kijana aliyeitwa John Ziegler. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ule mtindo wa kuweka uboho kando ukaachwa kwa muda. Yashike hayo majina mawili ya dawa, methotreksati na saiklofosfamaidi, maana tutakutana nayo tena mahali ambapo hukuyatarajia.

Sasa, kwa nini Clifford alitumia uboho wa mgonjwa mwenyewe? Kwa nini hakuuchukua wa mama, kama vile mama yule wa Kawangware alivyotaka? Kwa sababu uboho wa mtu mwingine ulikuwa ukiua. Mwaka wa 1957 daktari Mmarekani, E. Donnall Thomas, alikuwa ameandika juu ya wagonjwa sita aliowapa uboho wa watu wengine. Wote walikufa. Katika miaka kumi iliyofuata watu wapatao 200 duniani walijaribiwa, na karibu wote hawakufaidika. Pacha wanaofanana kabisa ndio waliokubali uboho wa wenzao.

Vita vilikuwa viwili. Vita vya kwanza ni mwili wa mgonjwa kuukataa uboho mgeni, na hivyo ndivyo watu wengi wanavyovielewa. Vita vya pili ni vya ajabu zaidi. Uboho una askari wa mwili ndani yake. Ukimpandikiza mtu uboho wa mwingine, umempandikiza pia jeshi la mwingine. Jeshi hilo likifungua macho na kujikuta katika nyumba isiyo yake, linaanza kupiga. Linapiga ngozi mpaka ibabuke, linapiga matumbo mpaka mgonjwa aharishe ndoo nzima kwa siku, linapiga ini mpaka macho yawe manjano. Mgeni anampiga mwenyeji ndani ya nyumba ya mwenyeji.

Ufunguo ulikuwa alama za tishu. Mwaka wa 1958 Jean Dausset wa Ufaransa alieleza alama ya kwanza katika kundi la alama zinazokaa juu ya seli zetu, ambazo maabara huziita HLA. Hizi si sawa na makundi ya damu ya A, B na O unayoyajua. Kwa hakika, mtu anaweza kumpa mwenzake uboho hata kama makundi yao ya damu ni tofauti, lakini alama za tishu zisipolingana kuna hatari.

Alama hizo tunazirithi kwa mafungu mawili: fungu moja la baba na fungu moja la mama. Baba ana mafungu mawili, anakupa moja. Mama ana mawili, anakupa moja. Kwa hivyo ndugu yako wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na wewe kabisa. Mzazi wako siku zote analingana nawe nusu, na mtoto wako pia nusu. Ndugu wa mama tofauti hawezi kulingana nawe kabisa isipokuwa kwa bahati ya nadra mno. Ndiyo maana madaktari wakikuuliza maswali ya ndani kuhusu familia, hawakuulizi kwa umbea. Katika familia zetu kuna mambo mengi yamefunikwa, na kipimo hiki kinaweza kuyafunua. Ni heri ukweli huo usemwe faraghani mapema, kuliko kugundulika mbele ya watu wakati wa majibu.

Mwaka wa 1968, huko Minneapolis, Marekani, mtoto aliyezaliwa bila kinga ya mwili alipandikizwa uboho wa dada yake na akaishi. Hapo mlango ukafunguka. Thomas naye, ambaye alikuwa amehamia Seattle, aliendelea na kazi yake mpaka mwaka wa 1975 timu yake ilipochapisha makala kubwa iliyokuja kuwa msingi wa matibabu haya. Kati ya majina ya waandishi wake utalikuta jina la Reginald Clift. Ndiyo, huyu ni yule yule Clift wa Nairobi, aliyekuwa pamoja na Clifford mwaka wa 1961. Alitoka hapa akajiunga na Thomas. Thomas alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1990.

Na ule uboho wa mgonjwa mwenyewe? Nao ulirudi. John Ziegler aliondoka Kampala mwaka wa 1972, akarejea kwao. Mwaka wa 1978 yeye na wenzake huko Marekani waliandika juu ya wagonjwa wa limfoma ya Burkitt ambao ugonjwa wao ulikuwa umerudi. Waliwapa dawa kwa dozi kubwa, na wengine wakaishi muda mrefu bila ugonjwa. Mwaka huo huo kikundi hicho kikaonyesha kwamba uboho wa mgonjwa wa limfoma ukigandishwa, ukahifadhiwa na kurudishwa baadaye, huota tena. Lile wazo la King George lilikuwa limepata friza.

Mwaka wa 1995 likaja jibu ambalo mjomba wetu alihitaji. Madaktari wa nchi kadhaa waliwagawa kwa kura wagonjwa wa limfoma kali iliyorudi, ambayo bado ilikuwa ikisikia dawa. Nusu waliendelea na dawa za kawaida. Nusu walipewa dozi kubwa na kurudishiwa uboho wao wenyewe. Baada ya miaka mitano, katika kila watu 100 waliorudishiwa uboho, 53 walikuwa hai. Wale wa dawa za kawaida walikuwa 32. Tangu hapo, limfoma iliyorudi lakini inayosikia dawa, ikiwemo ya Hodgkin kama ya kijana wetu, kwa kawaida mtoaji wa kwanza anayefikiriwa ni mgonjwa mwenyewe. Hakuna jeshi geni, kwa hivyo hakuna vita vya mgeni na mwenyeji. Siku hizi zipo pia dawa mpya na matibabu ya kuzifundisha seli za mgonjwa kupigana, ambayo katika nchi tajiri yameanza kuchukua nafasi ya upandikizaji kwa baadhi ya limfoma, lakini bei yake sitaki hata kuitaja hapa.

Uboho wa mtu mwingine hutafutwa hasa limfoma ikirudi baada ya ule wa mwenyewe, au ikiwa ni ya aina inayojulikana kwa ukaidi. Hapo lile jeshi geni lina faida yake, kwa sababu linaweza kuiwinda saratani iliyojificha. Ni kama kuajiri mlinzi mkali. Unataka amfukuze mwizi bila kumpiga mwenye nyumba.

Je, achaguliwe nani? Ndugu wa baba na mama mmoja aliyelingana kabisa ndiye anayetafutwa kwanza. Akikosekana, nchi nyingi zina daftari za watu waliojitolea. Daftari la kwanza, la Anthony Nolan, lilianzishwa Uingereza mwaka wa 1974 na mama ambaye mtoto wake alikosa mtoaji. Lakini hapa kuna uchungu wetu sisi Waafrika. Utafiti wa mwaka wa 2014 juu ya daftari la Marekani ulionyesha kwamba Mzungu wa asili ya Ulaya ana nafasi ya 75 kwa 100 ya kupata mtu aliyelingana naye kabisa. Kwa makundi ya watu weusi nafasi hiyo ilikuwa kati ya 16 na 19. Sababu ni mbili: Waafrika waliojiandikisha ni wachache, na pia alama zetu zina aina nyingi kuliko za watu wengine wowote, kwa kuwa bara hili ndilo kongwe kwa watu. Utajiri huo wa damu unageuka kuwa shida siku unapotafuta anayefanana nawe.

Ndipo tunaporudi kwa mama yule wa Kawangware. Miaka ya nyuma angeambiwa tu arudi nyumbani, yeye analingana nusu. Leo sivyo. Na kilichobadilisha mambo ni zile dawa mbili nilizokuomba uzishike.

Methotreksati, ile iliyoyeyusha taya za watoto wa Uganda, ilionekana pia kuwazima askari wageni. Ikitolewa kwa dozi ndogo siku chache za mwanzo baada ya kupandikiza, pamoja na dawa nyingine iitwayo saiklosporini, vita vya mgeni na mwenyeji hupungua sana. Timu ya Seattle ilionyesha hivyo mwaka wa 1986. Kisha madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, wakaigeukia saiklofosfamaidi. Waliitoa siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikiza uboho wa mtu aliyelingana nusu tu. Siku hizo, askari wageni waliokasirika ndio wanaozaana kwa kasi, na dawa huwaua hao. Seli-mama zenyewe zina kinga ya ndani dhidi ya dawa hiyo, kwa hivyo zinabaki na kuota. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2008, na tangu hapo mama, baba, mtoto au ndugu wa nusu wanaweza kuwa watoaji. Mimi husikia raha fulani kila nikifikiria hilo. Dawa zilizojulikana kwa watoto wetu wa limfoma zimekuwa askari wa kulinda amani.

Hata hivyo, mama wa watoto kadhaa si chaguo la kwanza ikiwa kuna kijana mwenye afya. Mwanamke aliyebeba mimba kadhaa, askari wake wameshakutana na alama ngeni tumboni, na huwa wepesi kukasirika, hasa katika mwili wa mwanamume. Mtoaji kijana pia hupendelewa kuliko mzee. Na mtoaji yeyote hupimwa virusi vya HIV, homa ya ini ya B na C, kaswende, na huku kwetu malaria. Mgonjwa naye hupimwa kama mwili wake una silaha zilizoelekezwa kwa alama za mtoaji huyo.

Hapa nina ombi moja. Ikiwa ndugu yako ana limfoma na huenda siku moja akahitaji uboho wa familia, msikimbilie kumpa yeye moja kwa moja damu ya kaka, dada au wazazi. Mwili wake unaweza kujifunza kuzikataa alama zao, na siku ya uboho ukaukataa. Changieni damu kwenye benki ya damu, apewe ya mtu baki, na mwambieni daktari mapema kwamba upandikizaji unafikiriwa. Damu ya kumwekea mgonjwa wa namna hii hupigwa mionzi kwanza ili askari walio ndani yake wasiamke.

Kwa kaka yule mwenye hofu: uboho hutolewa kwenye mfupa wa nyonga ukiwa umelazwa usingizi, au, mara nyingi zaidi siku hizi, hudungwa sindano kwa siku nne au tano ili seli-mama zitoke kwenye damu, kisha mashine inazichuja kwa saa chache. Utaumwa mifupa kidogo kama mwenye homa. Uboho unajijaza tena. Nguvu za kiume hazihusiki hata kidogo. Anayepaswa kufikiria uzazi ni mgonjwa, kwa sababu dozi kubwa ya dawa inaweza kumfanya asizae. Aulize kuhusu kuhifadhi mbegu kabla ya kuanza, si baada.

Baada ya kupandikiza, hata kwa uboho wa mwenyewe, zipo kama wiki mbili ambazo mgonjwa hana askari kabisa. Kisha ipo miezi ya askari wachanga. Hapa ndipo kazi yetu wauguzi ilipo. Baadhi ya dawa utazitambua. Ile Septrin wanayoijua wenzetu wa kliniki ya HIV hutumiwa hapa pia, kuzuia nimonia ya aina ile ile. Asikilovia huzuia mkanda wa jeshi. Mwenye virusi vya homa ya ini ya B hupewa dawa ya kuvizuia visiamke, na aliyewahi kukaa na mgonjwa wa kifua kikuu aseme, maana kifua kikuu kilicholala huamka mwili ukidhoofika. Chanjo za utotoni husahaulika mwilini, kwa hivyo mtu mzima huanza kuchanjwa upya kama mtoto, lakini chanjo zenye virusi hai husubiri kama miaka miwili.

Homa ni dharura. Si ya kumeza Panadol na kusubiri asubuhi, ni ya kwenda hospitali usiku huo huo. Upele mpya, kuhara au macho ya manjano kwa aliyepewa uboho wa mtu mwingine, vivyo hivyo.

Kuna swali lililoulizwa na watatu hewani: Je, uboho unatibu HIV? Mwaka wa 2019 ilitangazwa kwamba mwanamume mmoja wa London, aliyekuwa na HIV pamoja na limfoma ya Hodgkin, alipandikizwa uboho wa mtu mwenye hitilafu ya nadra inayofunga mlango wa virusi, na virusi havikurudi. Hitilafu hiyo karibu haipatikani kwa Waafrika, na hatari za upandikizaji ni kubwa kuliko za kumeza ARV. Hufanywa kwa sababu ya saratani tu. Lakini jua hili pia: mtu mwenye HIV anayemeza dawa zake vizuri anaweza kupandikizwa uboho wake mwenyewe akipata limfoma, na matokeo yake hukaribiana na ya wengine. Asikatishwe tamaa na mtu.

Wagonjwa wengi wa Kenya wamekuwa wakisafiri India kwa matibabu haya. Karibu na sisi, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka wa 2021 kwa uboho wa wagonjwa wenyewe, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza mwaka wa 2023 kwa watoto wa selimundu, ambao hupewa uboho wa ndugu zao. Ukiona nchi jirani imefika hapo, huwezi kuacha kufikiria mwaka wa 1961.

Kijana wetu alikwenda, akarudi. Shida haikuwa kule, ilikuwa hapa. Familia ya watu sita inakaa chumba kimoja, jiko la makaa liko mlangoni, kuku wanaingia na kutoka, na choo kinatumiwa na ploti nzima. Tulikaa tukapanga upya. Watoto wawili wakahamia kwa shangazi Kabiria kwa miezi mitatu. Kuku wakauzwa. Maji ya kunywa yakachemshwa yote, na kachumbari na maziwa mabichi vikaondolewa mezani. Wageni wa kanisani wakaombwa wasalimie kutoka dirishani, na wenye mafua wasije kabisa. Mama, ambaye uboho wake haukuhitajika, ndiye aliyeshika daftari la joto la mwili asubuhi na jioni.

Na pale mlangoni palifungwa mtungi wenye mfereji, na sabuni ikaning'inizwa kwa kamba, hakuna kuingia bila kunawa. Mimi mwenyewe nilirudishwa siku moja niliposahau. Aliyenirudisha ni mjomba.